Maswali ya Wasomaji: Data Inaingia Wapi, Inatokea Wapi, Inakaa Wapi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu vifaa vinavyounganishwa na kompyuta, yaani vya kuingizia data, vya kutolea matokeo na vya kuhifadhia. Nimechagua sita. Nafasi kubwa zaidi nimeipa barua ya katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu lililompata linawapata watu wengi, na hasara yake ni nzito kuliko ya kibodi iliyomwagikiwa chai au printa iliyokwama.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Katika mtihani tuliambiwa tutaje kifaa kimoja cha kuingizia data na kimoja cha kutolea matokeo. Mimi niliandika kioo cha simu sehemu zote mbili nikapewa alama moja tu. Je, nilikosea? Na flashi iko kundi gani? Wenzangu wanasema ni ya kuingizia kwa sababu tunaichomeka kwenye kompyuta. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Ulichoandika kuhusu kioo cha simu ni sahihi, ila nadhani kilikosa maelezo ya kukitetea. Kifaa hakiwekwi katika kundi kwa umbo lake wala kwa mahali kilipochomekwa, bali kwa kuangalia data inaelekea upande gani. Ikitoka kwa mtu au katika mazingira yake kuingia kwenye kompyuta, kifaa kilichoipitisha ni cha kuingizia: kibodi, kipanya, skana, kamera, maikrofoni, na kile kisoma alama za vidole ambacho Watanzania wengi walikiwekea dole gumba waliposajili laini zao za simu. Ikitoka kwenye kompyuta kumwendea mtu, kifaa ni cha kutolea: skrini, printa, spika.

Kioo cha simu ni vifaa viwili vilivyobandikwa pamoja. Tabaka la ndani hutoa mwanga na picha. Juu yake kuna tabaka jingine jembamba, lisiloonekana kwa macho, linalopima mabadiliko madogo ya umeme yanayotokea kidole kinapogusa, kwa kuwa mwili wa binadamu unapitisha umeme. Ndiyo maana simu iliyoanguka inaweza kuendelea kuonyesha picha safi kabisa huku ikikataa kuguswa: tabaka moja limekufa na jingine bado ni zima. Ukiulizwa tena, andika "tabaka la mguso la kioo cha simu" upande wa kuingizia na "skrini ya simu" upande wa kutolea, kisha eleza sababu kwa sentensi moja.

Ukitaka kuelewa vizuri maana ya kuingiza data, kitazame kipanya. Kile cha kwanza, alichokibuni Mmarekani Douglas Engelbart na kuundwa na mwenzake Bill English katika miaka ya 1960, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, moja likipima mwendo wa kwenda kulia na kushoto, jingine mwendo wa kwenda mbele na nyuma. Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kipanya cha leo hakina magurudumu hayo. Chini yake mna taa ndogo na kijikamera kinachopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kwa kila sekunde na kuzilinganisha, ili kijue kimesogea umbali gani na kuelekea wapi. Kikiwekwa juu ya kioo kitupu hakiendi sawasawa, kwa sababu hakioni alama yoyote ya kulinganisha. Mwendo wa mkono umegeuzwa kuwa namba, na namba hizo ndizo data.

Flashi ni kifaa cha kuhifadhia. Ni kweli kwamba data hutoka kwenye flashi na kuingia kwenye kompyuta, lakini data hiyo ilikwisha kuingizwa zamani kwa kibodi au kamera. Kazi ya flashi ni kuitunza hata pasipo umeme. Hapo ndipo inapotofautiana na RAM, ambayo hushika kile unachokifanyia kazi sasa hivi na kupoteza kila kitu mara umeme unapokatika.

Kama mwalimu wako anapenda mifano ya mtaani, mtajie mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ambayo wafanyabiashara wa Tanzania walianza kuitumia mwaka 2010. Vitufe vyake ni vya kuingizia, skrini yake ndogo na kichapio cha risiti ni vya kutolea, na ndani mna kumbukumbu maalumu ya kodi inayotunza jumla ya mauzo ya kila siku na isiyoruhusu mwenye duka kuifuta. Makundi yote matatu yamo katika kifaa kimoja cha kubebeka mkononi.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hesabu zote za hisa, mikopo na marejesho tangu tulipoanza nimeziweka kwenye flashi moja. Juzi nilipoichomeka, kompyuta iliniambia kwamba lazima niifomati kwanza ndipo niitumie. Fundi mmoja amenishauri niifomati tu, halafu atanirudishia faili kwa programu. Wanachama wanataka mgao na sina cha kuwaonyesha. Nifanye nini? (Katibu, Mbeya)

JIBU: Pole sana, Ndugu Katibu. Usiifomati. Ukishaulizwa swali hilo jibu ni hapana, unaichomoa, na kuanzia hapo flashi hiyo haiandikwi kitu chochote mpaka faili zipatikane.

Nieleze sababu, maana fundi wako hajasema uongo mtupu. Ndani ya flashi mna sehemu mbili zinazohusika hapa: data zenyewe, na orodha inayoonyesha kila faili limeanzia wapi na limeendelea wapi. Kompyuta inaposema flashi lazima ifomatiwe, mara nyingi maana yake ni kwamba orodha imeharibika na kompyuta haielewi inachokiona, wakati data bado zimo. Kufomati kwa haraka huandika orodha mpya tupu juu ya ile ya zamani. Data nyingi hubaki, na ndiyo maana fundi ana matumaini, lakini mabaki ya orodha ya zamani, ambayo yangeweza kusaidia kurudisha faili pamoja na majina yake, yanakuwa yamefutwa. Ukifomati kwa kina, au ukianza kunakili vitu vipya humo, hata matumaini hayo yanapungua au kutoweka kabisa.

Njia iliyo salama ni hii. Kwanza ichomeke kwenye tundu jingine na kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa wakati mwingine kosa ni la tundu lililolegea. Ikibaki vilevile, mtafute fundi atakayekubali kutengeneza kwanza nakala ya flashi nzima, biti kwa biti (biti ni kipande kidogo kabisa cha data), ndani ya hadi diski (hard disk) ya kompyuta yake, kisha afanyie kazi nakala hiyo na kuiacha flashi yenyewe kando. Programu za TestDisk na PhotoRec ni za bure na zinaifahamu kazi hii: ya kwanza hujaribu kujenga upya orodha iliyoharibika, na ya pili hupekua data moja kwa moja na kuyatambua mafaili kwa mwanzo wake, ingawa huyarudisha bila majina, kwa hiyo jiandae kufungua moja moja. Faili zinazopatikana zihifadhiwe mahali pengine, kamwe zisirudishwe kwenye flashi ileile. Lakini ikiwa kompyuta haiioni kabisa, au inaionyesha kuwa na ujazo sifuri, au inapata moto mara unapoichomeka, tatizo ni la chipu inayoiongoza. Hapo programu hazisaidii. Anahitajika mtaalamu wa kufungua vifaa vya kuhifadhia, na gharama yake si ndogo.

Sasa nieleze kwa nini flashi haifai kuwa mahali pekee pa kutunzia jambo lolote la maana. Teknolojia yake, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya vijumba vidogo mno vilivyozungushiwa kizuizi. Kila unapofuta na kuandika upya, kizuizi hicho huchakaa kidogo. Kijumba kimoja kikiwa kinatunza biti tatu, kama ilivyo katika flashi nyingi za bei nafuu, kinaweza kuvumilia mizunguko elfu moja hivi ya kuandikwa, wakati vile vya zamani vya biti mojamoja vilivumilia hadi 100,000. Flashi ikikaa miaka mingi kabatini bila umeme, chaji nayo huvuja polepole.

Zaidi ya hayo, watu huichomoa kabla ya wakati. Kompyuta inapokuonyesha kwamba imemaliza kunakili, huenda sehemu ya data bado imo katika RAM ikisubiri zamu ya kuandikwa. Ukichomoa sekunde hiyo, orodha inabaki nusu, na pengine ndivyo ilivyotokea kwako. Amri ya kutoa flashi kwa usalama, ambayo wengi huipuuza, huilazimisha kompyuta imalize kuandika kwanza.

Tena zipo flashi za udanganyifu, na hili linaniudhi kwa sababu wanaoumia ni wale waliojibana kuinunua. Flashi iliyoandikwa 1 TB au 2 TB ikauzwa kwa bei ya ile ya 32 GB huwa imeongopewa katika chipu yake: inaitangazia kompyuta ujazo mkubwa, inapokea faili zote bila kulalamika, lakini ikijaa ule ujazo wake halisi huanza kuandika juu ya data za mwanzo. Mwenye nayo anaona majina ya faili yote yapo. Siku anayoyafungua ndipo anapokuta ni matupu. Ukinunua flashi mpya, ijaze kwanza kwa programu ya kupima kama H2testw au F3, ambazo huandika hadi mwisho na kusoma tena zilichokiandika, kabla hujaiamini kwa hesabu za watu.

Kwa kikundi kama chenu mimi ningeshauri nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya katibu, ya pili kwenye hadi diski ya nje au flashi inayokaa nyumbani kwa mweka hazina, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa GB 15 bure, na daftari la hesabu za kikundi cha watu 30 kwa kawaida huwa dogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu, kwa hiyo hata bando dogo linatosha kulipeleka. Nakala mbili zikikaa katika mkoba mmoja na kompyuta, mwizi atazichukua zote pamoja. Tena kila mwisho wa mwezi chapisheni taarifa ya kila mwanachama, isainiwe na kuwekwa kwenye jalada. Naifahamu hoja ya kwamba tumeingia enzi ya kompyuta na makaratasi yaachwe. Siikubali pale fedha za watu zinapohusika, kwa sababu karatasi iliyosainiwa husomeka bila chaja na bila fundi. Wakati faili zinatafutwa, zikusanyeni pia kadi za wanachama na stakabadhi za benki, maana sehemu kubwa ya hesabu inaweza kujengwa upya kutoka humo, na wanachama wakiona kazi hiyo inafanyika mbele yao, mashaka yatapungua.

SWALI: Nimenunua hadi diski ya nje ya 1 TB kwa ajili ya tarakilishi za shule, lakini inaonyesha GB 931. Muuzaji amenidanganya? Na kwa nini flashi yangu ya GB 64, ambayo ni tupu, inakataa kupokea video ya GB 5? (Mwalimu, Kilifi)

JIBU: Hukudanganywa, Mwalimu. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa makumi: terabaiti moja kwao ni baiti 1,000,000,000,000. Windows huhesabu kwa mbili iliyozidishwa kwa mbili mara nyingi, ambapo gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili utapata 931 na ushei. Kwa hesabu hiyohiyo flashi ya GB 32 huonekana kuwa na 29 na ushei.

Video inakataliwa kwa sababu flashi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia GB 4 hata kama nafasi iko tele. Kwa kuwa ni tupu, ifomati kwa exFAT, ambao unasomwa na Windows, na kompyuta za Apple, na televisheni nyingi za siku hizi. Redio na televisheni za zamani zinaweza kuukataa mfumo huo, basi ibakize flashi nyingine ndogo yenye FAT32 kwa ajili ya hizo.

SWALI: Nina duka la fotokopi na uchapaji karibu na chuo. Printa yangu ya wino wa maji huziba nikikaa siku nyingi bila kuchapa rangi, na wakati wa masika karatasi zinakwama kila mara. Nataka kununua nyingine. Ninunue ya wino tena au ya tona? (Mwenye duka, Tanga)

JIBU: Kwa duka lililo karibu na chuo, ambako kazi kubwa ni maandishi meusi ya ripoti na mitihani, jibu langu ni printa ya leza ya tona nyeusi, na ile ya wino uibakize kwa picha za pasipoti na kadi za rangi.

Printa hizi mbili hufanya kazi kwa njia zilizo mbali kabisa. Ya wino hurusha matone kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele; maji ya wino yakikauka kwenye vitundu hivyo, rangi inabaki na kuziba. Kwa hiyo kuchapa ukurasa mmoja wa rangi zote kila baada ya siku chache, hata kama hakuna mteja, ni gharama ndogo kuliko kusafisha kichwa cha printa, kazi ambayo yenyewe hula wino mwingi. Printa ya leza, iliyobuniwa na Gary Starkweather alipokuwa katika kampuni ya Xerox, haina cha kukauka. Ndani yake mna silinda inayotiwa chaji ya umeme. Mwali wa leza huchora ukurasa juu ya silinda kwa kubadilisha chaji hiyo mahali penye maandishi, unga wa tona hunata hapo, kisha hupita kwenye karatasi na kuyeyushwa na kinu chenye joto la nyuzi 200 hivi. Tona ni plastiki iliyosagwa, nayo inaweza kukaa miezi mingi bila kuharibika.

Usiangalie bei ya printa peke yake. Chukua bei ya tona uigawe kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye kasha: tuseme tona ni shilingi 60,000 na inachapa kurasa 1,500, basi kila ukurasa unakugharimu shilingi 40 kabla ya karatasi na umeme. Lakini ujue kwamba idadi hiyo hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu, kama barua fupi. Ukurasa wenye picha na majedwali hula zaidi ya hapo mara kadhaa, na bei unayomtoza mteja ionyeshe tofauti hiyo.

Karatasi kukwama wakati wa masika ni jambo la pwani nzima. Karatasi hufyonza unyevu, hujikunja pembeni, hushikana mbilimbili na kupinda inapoingia kwenye joto la printa. Usifungue bunda kabla ya kulihitaji, jioni toa karatasi zilizobaki kwenye trei uzirudishe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiweke bunda sakafuni. Vipira vinavyovuta karatasi navyo hushika vumbi na kuteleza. Vifute kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo, printa ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Usiichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, yaani kifaa cha umeme wa akiba. Kinu chake kinapowaka huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS itazima au kuharibika, ikiondoka na kompyuta yako. Na wateja wakikuletea risiti, waambie kwamba risiti za mashine ya EFD hazina wino: karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto, na kwa jua na kukaa muda mrefu maandishi hufifia hadi karatasi kuwa nyeupe. Wazitoe fotokopi mapema. Mteja akiomba umfanyie lamineshoni mkatalie, kwa maana joto la mashine ya lamineshoni litaigeuza risiti yote kuwa nyeusi.

SWALI: Laputopu yangu ina miaka saba. Inachukua dakika nyingi kuwaka, na kufungua faili moja la Word ni kusubiri. Fundi anasema ninunue nyingine. Sina uwezo huo kwa sasa. (Mtumishi wa umma, Mwanza)

JIBU: Kabla ya kununua nyingine, iwashe, ngoja itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani. Ikiwa safu ya diski iko karibu na asilimia 100 wakati prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu, imepumzika, mgonjwa ni hadi diski, na dawa yake ni kuibadilisha kwa SSD, yaani diski inayotumia chipu kama za flashi.

Hadi diski ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Kila unapotaka faili, kichwa lazima kisafiri mpaka mahali husika na kingoje sahani izunguke ifike. Wazo hili ni la zamani: mashine ya IBM 305 RAMAC ya mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, kifaa chake cha diski kilikuwa na uzito wa takriban tani moja, na kilihifadhi herufi milioni 5, kiasi kinachokaribia picha moja ya simu ya leo. Tangu hapo sahani zimekuwa ndogo na ujazo umekua mno, lakini kichwa bado kinasafiri. Hadi diski ya kawaida hufanikisha safari kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hufikia data kwa maelfu mengi ya mara katika sekunde hiyohiyo. Laputopu ya miaka saba yenye prosesa ya wastani, ikipewa SSD ya GB 240 au 256, inaweza kuwaka chini ya dakika moja.

Mwombe fundi akague mambo mawili kabla hujalipa. Kwanza, aina ya nafasi iliyopo, kwa kuwa laputopu nyingi za umri huo hupokea SSD ya inchi 2.5, lakini zipo zinazotaka ile nyembamba ya M.2. Pili, RAM: ikiwa ni GB 4, kuiongeza hadi GB 8 kutasaidia sana, hasa ukifungua kurasa nyingi za intaneti. Hadi diski ya zamani usiitupe. Inunulie kasha la nje la USB uitumie kwa nakala za akiba, mradi haijaanza kutoa mlio wa kugongagonga. Ikigonga, nakili vilivyo muhimu siku hiyohiyo, tena ukianza na nyaraka. Na mpaka utakapoibadilisha, usiihamishe laputopu kutoka meza hadi meza ikiwa imewaka, wala usiitie mkobani kabla haijazimika kabisa, kwa sababu kichwa kikigusa sahani inayozunguka, sehemu iliyoguswa haisomeki tena.

SWALI: Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na haoni. Shuleni anaandika kwa mashine ya nukta nundu. Nimeambiwa anaweza kutumia tarakilishi kama wenzake. Skrini ataitumiaje? Je, ni lazima ninunue vifaa vya bei kubwa? (Mzazi, Mombasa)

JIBU: Anaweza, Mzazi, tena kwa kompyuta ya kawaida. Skrini ni njia moja tu ya kutolea matokeo. Kwa binti yako matokeo yatatoka kwa sauti, kupitia programu ya kusoma skrini, na data itaingia kwa kibodi ileile inayotumiwa na kila mtu.

Kwa Windows ipo programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na mwenzake James Teh, Waaustralia wawili wasioona, na hutolewa bure kabisa. Inasoma majina ya faili, barua, kurasa za intaneti na kila herufi anayoibonyeza. Sauti inayokuja nayo inajua Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili chake kina lafudhi ya mashine, na siku za mwanzo binti anaweza kulalamika, lakini sikio huzoea, na watumiaji wazoefu huiharakisha hadi kasi ambayo sisi wengine hatuambulii neno.

Mwanzo uwe kibodi, wala msiharakie intaneti. Mwambie apapase safu ya katikati: herufi F na J zina kijimstari kilichoinuka, na kutoka hapo vidole vinane vinajua makazi yao. Kwa kuwa ameshazoea mashine ya nukta nundu, mikono yake tayari imejifunza kuandika bila macho, jambo ambalo wengi wetu tunaoona hatujawahi kulimudu. NVDA ikiwa imewaka, akishika kitufe cha Insert na kubonyeza namba 1 ya safu ya juu, kibodi inageuka kuwa ya mafunzo: kila kitufe atakachokibonyeza kitatajwa jina bila kufanya kazi yoyote, hivyo anaweza kuchezacheza bila hofu ya kuharibu. Akibonyeza tena vilevile, inarudi kazini. Kitufe cha Ctrl huinyamazisha sauti anapochoka kuisikia.

Kifaa cha bei kubwa ulichoambiwa huenda ni kile kinachoonyesha maandishi ya nukta nundu kwa vipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole. Ni kizuri sana, hasa kwa hesabu na tahajia, kwa sababu sauti pekee haimwonyeshi mtoto jinsi neno linavyoandikwa. Hata hivyo bei yake mara nyingi hupita ya kompyuta yenyewe, na si lazima kuanza nacho. Shule ikiwa nacho, aombe zamu. Unachohitaji kununua kwa sasa ni laputopu ya kawaida, hata iliyotumika, yenye kibodi kamili isiyo na kitufe kilichokufa, pamoja na spika za masikioni za kufunika sikio moja, ili sikio la pili limsikilize mwalimu.

Simu zenye Android zina programu ya namna hiyo iitwayo TalkBack, ambayo kwa nyingi huwashwa kwa kubana vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache. Jaribuni nayo hata leo kabla laputopu haijapatikana. Na ongea mapema na walimu wake kuhusu jambo moja: kazi wanazotuma kwa kupiga picha ukurasa wa kitabu hazisomwi vizuri na programu hizi, kwa kuwa kwao ni picha isiyo na herufi. Ingawa NVDA ina uwezo wa kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, mwandiko wa mkono na picha zenye kivuli huishinda. Wakimtumia kazi iliyochapwa kwa Word, au hata ujumbe wa kawaida wa simu, ataisoma mwenyewe tangu swali la kwanza hadi la mwisho.